Masika ya Kikande

Jumapili, 5 Machi 1995

Mvua imeanza leo tukiwa kanisani. Bati lilipiga kelele hata mahubiri hayakusikika, na kwa uchovu niliokuwa nao sikulalamika.

Daftari hili ni kaunta buku niliyokusudia kuandikia maandalio ya kidato cha tatu. Nimeamua kuligeuza la samaki, kwa sababu mume wangu Fanuel haandiki kitu chochote, na mtu anayefuga bila kuandika anajitafutia lawama.

Mambo yenyewe ni haya. Fanuel alipunguzwa kiwandani Agosti mwaka jana, baada ya miaka kumi na saba. Wenzake walinunua mashine za kusaga, mmoja akafungua banda la mitumba. Fanuel akanunua tangi la samaki wa baharini kutoka kwa Mzungu wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao: kioo kirefu kuliko kitanda cha binti yetu Anande, pampu, taa, kipasha joto, mawe yenye matumbawe hai, na kitabu cha Kiingereza chenye picha. Bahari iko mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na sisi tumeiweka sebuleni kwetu Lemara, Arusha. Watu wakija kutusalimu wanasahau kutusalimu.

Januari alikuja Bwana Loishiye, yule mwenye kujenga hoteli za watalii. Akatazama sana. Akasema anataka tangi kama hili mapokezi kwake, kubwa zaidi, na mtu wa kulitunza kwa mshahara. Kisha akasema, "Lakini mimi ni mfugaji. Sinunui ng'ombe kwa kumtazama siku moja. Masika yakiisha nitarudi. Nikikuta samaki hai humu, na wa aina ambazo watu hawajazizoea, tutaandikiana."

Fanuel ameniahidi: masika haya tu. Ikishindikana anapanda Poli, kwenye Mlima Meru, kulima kahawa ya mama yake, na mimi nitabaki hapa na ualimu wangu. Miaka kumi na minane ya ndoa, halafu tuonane mwisho wa mwezi. Hilo silitaki. Nimeliandika ili lihame kichwani.

Jumatano, 8 Machi

Kopo la unga wa Ulaya limekwisha. Ni ule unga ambao Mzungu alikuwa anautia majini kila juma ili matumbawe yakue. Kitabu kinasema bila unga huo maji huchoka na matumbawe husimama. Hata mimi nimechoka na nimesimama, na hakuna aliyeniletea kopo.

Jumamosi, 11 Machi

Kabla hatujaleta samaki hata mmoja, nimechora jedwali kwenye karatasi ya manila, kama la darasani: samaki wamepangwa juu, samaki walewale wamepangwa pembeni, alama ya vema kwa wanaoweza kukaa pamoja na mkasi kwa wasioweza. Fanuel amesimama nyuma yangu muda wote akitaka nipunguze mikasi.

Vile viwili vidogo vya rangi ya chungwa na mikanda myeupe: ndiyo, ila viletwe na yule mnyama wao laini wa mikono mingi wa kujifichia. Kangaja: ndiyo, lakini mmoja tu, maana wawili hupigana. Tafi: ndiyo, ni mpole, anakula majani. Kitatange ni mzuri kuliko wote, na chakula chake ni matumbawe yenyewe, kwa hiyo hapana. Bunju hapana. Mkunga hapana, wala Fanuel asilitaje tena jina lake.

Kikande nimempiga mkasi kwa wino mwekundu safu nzima, toka juu mpaka chini.

"Lakini ndiye asiye wa kawaida," Fanuel akasema.

"Baba Anande, asiye wa kawaida ni yule anayekula wenzake."

"Soko huria linataka kitu kigeni, mwalimu."

Nikamwambia soko huria halitalala sebuleni kwangu. Alicheka. Ni muda mrefu sijamsikia akicheka.

Jumanne, 14 Machi

Mama mkwe ameshuka kutoka Poli. Mvua imeangusha ukuta wa jiko lake na maji yanaingia mpaka chumbani. Amekuja na mkungu wa ndizi, kuku mmoja, na kopo la magadi, kana kwamba Arusha nzima hakuna magadi. Ng'ombe wake amemwachia jirani, na alipomtaja sauti ilibadilika.

Kwao samaki hakuliwa. Mama anasema samaki na nyoka ni ukoo mmoja. Hata hivyo alivuta kigoda mbele ya tangi, akakaa.

"Samaki atafungiwa humu usiku na mchana?"

"Ndiyo, Mama."

"Kama ng'ombe wangu." Akagonga kioo kwa ukucha. "Atalambishwa chumvi?"

"Maji yenyewe ni ya chumvi, Mama."

Kufikia jioni alikuwa amezihamisha sufuria zangu zote.

Jumatatu, 20 Machi

Fanuel amerudi Tanga na samaki. Kwa saa nane za basi amewapakata kwenye maboksi ya barafu yasiyo na barafu, kila mmoja ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa. Wamefika wote: kangaja wa buluu, tafi, viwili vya chungwa pamoja na mnyama wao, mmoja mwembamba mwenye mstari mweusi ambaye kazi yake ni kuwasafisha wenzake, na kamba wawili wekundu. Pamoja nao madumu ya maji ya bahari, ambayo abiria walilalamikia kutoka Korogwe mpaka Moshi.

Nimewaingiza mmojammoja, taratibu, kwa zaidi ya saa mbili. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Nimelitazama jedwali langu ukutani nikajisikia vizuri.

Mama anauliza kwa nini huyo msafishaji hapewi chakula kizuri kuliko wengine, ikiwa ndiye anayefanya kazi.

Ijumaa, 31 Machi

Mgao wa umeme, siku ya tatu. Tunatia hewa majini kwa pampu ya baiskeli na mpira. Fanuel asubuhi, mama mchana, mimi nikirudi shule. Mama anapampu huku akiimba nyimbo za Kilutheri, na anapofika kwenye kiitikio hewa inaingia nyingi.

Madaftari ya kidato cha tatu yako palepale. Sijayafungua.

Jumapili, 9 Aprili

Maji hupungua kwa joto la taa, nasi tunayajaza. Maji ya mfereji ya huku ndiyo haya yaliyotutia kahawia kwenye meno, kwa hiyo siyatumii. Nakinga ya mvua kwenye beseni katikati ya uwanja, mbali na bati.

Kila Jumamosi napima kwa karatasi za maabara, zile zinazobadilika rangi. Jana zimetoa rangi nzuri kuliko ile ya kwenye kitabu. Na matumbawe yamekua. Tawi moja limetoka nje ya mstari niliouchora kwenye kioo mwezi uliopita. Bila unga wa Ulaya. Sielewi, ila nadhani ni mpangilio wangu wa maji ya mvua. Nimejipongeza.

Mama haendi nasi kanisani siku hizi. Magoti yake na tope la Lemara havielewani. Anasikiliza ibada ya redio, anabaki na samaki.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Mvua. Barua ya Anande kutoka bweni: anawasalimu samaki kwanza, kisha bibi, kisha baba. Mimi nimo kwenye "na wengine wote".

Alhamisi, 20 Aprili

Bwana Loishiye alipita ghafla, hakukaa hata dakika kumi. Alikunywa chai amesimama.

"Wazuri," akasema. "Lakini hawa nimewaona hotelini Mombasa. Kila hoteli inao."

Baada ya yeye kuondoka, Fanuel alisimama mbele ya jedwali langu kwa muda mrefu, akiangalia ile safu nyekundu. Nilimwona. Nikajifanya nasahihisha madaftari.

Jumamosi, 29 Aprili

Alisema anakwenda Tanga kuchukua maji. Amerudi na maji, na kikande.

Niseme kweli, ni samaki wa ajabu. Mdomo umebana kama wa mtu aliyelamba ndimu, na usoni ana michoro ya buluu na njano ambayo ungedhani mtoto amemchorea kwa chaki. Macho yake yanageuka kila moja kwa wakati wake. Ukimtoa majini anaguna. Fanuel alimtoa mara mbili ili mimi na mama tusikie.

"Baba Anande, tulikubaliana."

"Ni mdogo bado. Atazoea."

Mama alimtazama sana yule samaki, akasema, "Huyu ana uso wa shemeji yangu wa Akeri." Hakufafanua.

Jumatano, 3 Mei

Kamba wote wawili hawapo. Nimekuta masharubu.

Jumanne, 9 Mei

Baridi imeingia. Mlima sijauona tangu Machi, ni wingu tupu, na umeme ukikatika tunaweka chupa za maji ya moto ndani ya tangi, mbili kwa mbili. Leo tafi amekufa. Nusu ya mkia haipo, na mbavuni ana jeraha. Fanuel anasema ni baridi. Nikamwuliza tangu lini baridi ina meno.

Mama alimwokota yule tafi kwa kanga, yeye asiyegusa samaki, akamzika kwenye migomba. Nikakuta nimekasirika na mama pia, bila sababu. Nimechoka na watu na samaki wao.

Ijumaa, 12 Mei

Tumegombana. Ninaliandika lote maana nikiacha sehemu nitakuwa ninajipendelea.

Nilirudi shule nimelowa mpaka ndani. Kangaja alikuwa amejibana nyuma ya jiwe, na kikande akiranda katikati ya tangi kama mwenye nyumba. Nikachukua wavu nikamtoa. Alinguruma, akaung'ata wavu. Nikamtia kwenye lile pipa la buluu la jikoni tunamowekea akiba ya maji ya bahari, karibu na jiko la mkaa. Fanuel akanikuta nafunika kwa ungo.

"Ndiye huyo Loishiye atakayemtaka," akasema. "Unautoa mkate wetu."

"Mkate wetu umekula kamba wawili na tafi."

"Wewe ulitaka tangi lenye adabu. Hakuna mtu analipia adabu."

Hapo nikasema neno lililokuwa limekaa kifuani mwangu miezi mingi. Nikasema, "Kila unachokileta kwenye nyumba hii kinakula kilichokuwemo."

Fanuel akatoka nje, mvuani. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe mlangoni, beseni la ndizi mbichi mapajani, kisu mkononi. Alikuwa amekaa hapo muda wote. Aliendelea kumenya.

Nikaenda kubadili nguo zilizolowa.

Jumamosi, 13 Mei

Kangaja ametoka nyuma ya jiwe, anakula. Karatasi: rangi nzuri. Hakuna anayezungumza ndani ya nyumba hii isipokuwa redio.

Jumapili, 14 Mei

Tumetoka kanisani saa tano. Nilifungua mlango nikadhani kioo kimepata ukungu. Nikapangusa kwa kiganja. Ukungu ulikuwa ndani. Maji yamekuwa meupe, kama maji ya kuoshea mchele.

Samaki walikuwa juu kabisa, midomo nje, mapezi yamekakamaa. Umeme ulikuwapo, pampu inafanya kazi, joto ni lile lile. Fanuel alivua koti la kanisani akaanza kuchota maji kwa ndoo, na mimi nikachovya karatasi. Rangi iliyotoka haimo kwenye kipimo. Ilipita mwisho wa kipimo.

Tukamwaga, tukajaza kwa madumu mawili yaliyokuwa uani. Hayakutosha. Maji mengine yote ya bahari yalikuwa kwenye pipa, na ndani ya pipa alikuwamo kikande. Fanuel aliliendea pipa, akasimama nalo, akarudi. Amesema hata tukiyamwaga yote hayafiki robo ya tangi, na tutamwua na yule.

Msafishaji alikwenda wa kwanza. Kisha vile vya chungwa, kimoja, halafu cha pili, vyote viwili mikononi mwa mnyama wao aliyekuwa amenywea. Kangaja alikaza mpaka saa nane. Buluu yake ikafifia kuanzia tumboni.

Fanuel aliwapanga kwenye sinia. Akakaa sakafuni na viatu vya kanisani. "Ni mimi," akasema. "Ni yule kikande. Ameacha sumu humo. Uliniambia."

Ningekubali. Nilikuwa tayari kabisa kukubali, hata nilifungua mdomo. Lakini nilikuwa nimepiga magoti karibu na kioo, na chini ya jiwe kubwa, kwenye mchanga, niliona vipande vya kijivu ambavyo havijayeyuka. Navijua. Nimepikia maharage kwa vipande hivyo maisha yangu yote.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa amesimama ameshika nguzo ya mlango wa nyuma.

"Mama, umewapa magadi?"

"Nimewapa."

"Leo tu?"

"Kila Jumapili mnapokwenda kusali. Tangu walipoletwa." Alizungumza polepole, kama anayeeleza njia. "Kidogo cha vidole. Mnyama wa kufungiwa ndani asipolamba magadi anadhoofika, hata ukimshibisha. Niliona hamjui. Sikutaka kukufundisha kwenye nyumba yako."

"Na leo?"

"Leo nimejaza kiganja." Akanyoosha mkono, nikakiona kiganja chenyewe, kikubwa, cha mtu aliyekata majani ya ng'ombe miaka sitini. "Ijumaa ulisema kila kinacholetwa kwenye nyumba hii kinakula kilichokuwemo. Na mimi nimeletwa. Nikasema basi wanenepe kabla sijaondoka, mjue sikula bure."

Nikalichukua kopo la magadi, nikalifunga kifuniko.

Kwenye pipa kikande akaguna. Nikauliza kama na huyu alimpa.

"Yule mwuaji?" mama akasema. "Yule nilimnyima."

Jumatatu, 15 Mei

Sikumwambia Fanuel jana. Sikumwambia leo. Nikimwambia, atajua mama yake ndiye aliyemwangusha. Nisipomwambia, atabeba kosa lisilo lake mpaka Poli. Na aliyelianzisha ni mimi, kwa ulimi wangu, Ijumaa jioni, nikiwa nimelowa. Nina aibu ambayo sikuwahi kuijua.

Saa ya chakula Fanuel alisema hakuna haja ya kumsubiri Loishiye. Atapanda mlimani juma lijalo, kahawa inataka palizi. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma tangazo. Mama aliacha kula.

Jumanne, 16 Mei

Asubuhi na mapema mama hakuwamo ndani. Nikamwona anarudi kwenye mvua, bila mwavuli, magoti yale, tope lile, ametoka kwenye ua wa jirani. Mkononi ana jani la isale, amelipiga fundo.

Kwetu Kibosho na kwao Meru jani hilo ni moja. Ukilipeleka umekiri na umeomba radhi, na aliyeletewa hakatai. Lakini sijapata kuona mzazi akimpelekea mwanawe.

"Mpelekee wewe," akaniambia. "Isale haijipeleki yenyewe, ina mtu wa kuipeleka. Mwambie yote."

"Mama, yale maneno ni yangu."

"Nayajua ni ya nani. Lishike vizuri, fundo lisilegee."

Fanuel alikuwa anafunga kipasha joto kwenye gazeti. Nikaweka jani mbele yake nikamwambia yote: kidogo cha vidole, kiganja, Ijumaa. Nikasema jani ni la mama, na ni langu pia, asingoje la pili kwa sababu ua wa jirani umeshavunwa vya kutosha.

Alilishika muda mrefu. "Kwa hiyo kikande hana kosa?"

"La kamba na tafi analo. La Jumapili hana."

Akainuka, akaenda jikoni. Nikamsikia anasema, "Shikamoo, Mama," na ilikuwa mara ya pili asubuhi ile. Mama akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha hakuna lingine. Kipasha joto kikafunguliwa kwenye gazeti.

Jumapili, 21 Mei

Maji mapya yamefika kutoka Tanga, madumu kumi na manne. Nyumba inanuka bahari. Matumbawe bado yamejikunja, lakini hayajafa. Kikande amerudishwa tangini, hana wa kumng'ata. Anahamisha kokoto kutoka upande huu kwenda upande ule, na jioni anazirudisha.

Nimelitafuta lile kopo tupu la Ulaya na kusoma maandishi madogo nyuma yake. Nimeyasoma mara mbili. Ule unga kwa asili yake ni ndugu wa magadi, umesafishwa tu na kutiwa kwenye kopo zuri. Mwalimu wa biolojia mzima, na karatasi zake za rangi.

Nikarudi nyuma kwenye daftari hili. Kila Jumamosi, tangu Machi, rangi nzuri. Matumbawe yamekua. Nimejipongeza. Aliyekuwa analitunza tangi alikuwa ni mama, kila Jumapili, kwa vidole viwili, na hakumwambia mtu ili asiniaibishe. Nilitaka kufuta pale nilipojisifu. Nimepaacha.

Ijumaa, 26 Mei

Mvua moja tu juma zima, na haikufika mbali. Matumbawe yamefunguka.

Jumamosi, 3 Juni

Leo asubuhi mlima umeonekana wote, mpaka kileleni. Bwana Loishiye naye.

Alivuta kigoda cha mama, akakaa mbele ya kioo. Matumbawe yalikuwa yamekunjuka, na katikati yake samaki mmoja tu.

"Wengine?"

"Walikufa, Mzee," Fanuel akasema. "Tarehe kumi na nne Mei."

"Niliwaua mimi," mama akasema kutoka mlangoni. "Kwa magadi."

Loishiye akageuka. "Uliwapa kiasi gani, Mama?"

"Kiganja."

"Ng'ombe ni kiganja," akasema, kama anayehesabu.

"Ng'ombe ni kiganja," mama akasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Hata mimi ningewapa." Akarudi kwenye kioo, akainama karibu na maji, na kikande akapanda juu akamtemea maji kwenye shati. Tukaganda sote. Loishiye alijitazama kifuani. Kisha akacheka mpaka akashika magoti.

"Huyu. Namtaka huyu."

Ilibidi niseme. "Bwana Loishiye, huyu haelewani na wenzake. Hata mmoja. Atakaa peke yake maisha yake yote."

"Mwalimu, nina mameneja watatu. Wa kuelewana na wenzake nimeshawachoka. Nataka mmoja tu, ambaye mgeni akirudi kwao atamsimulia."

Wakaandikiana palepale, kwenye ukurasa niliouchana kwenye daftari hili. Fanuel anaanza tarehe mosi Julai. Ndipo Loishiye akasema kwamba hoteli yake ya Usa River, ile ya karibu, bado haina hata paa, kwa hiyo tangi lake jipya litaanzia kwenye ile ya Karatu. Fanuel atapewa chumba huko. Atakuwa anapata likizo mwisho wa mwezi.

Fanuel alinitazama. Nikamwambia asaini. Alisaini kwa kalamu yangu nyekundu. Baadaye, nikiosha vikombe, nikakumbuka kwamba Poli ni karibu kuliko Karatu. Masika yote nimehangaika nisiachwe mpaka mwisho wa mwezi, na tumefaulu, na nimeachwa mpaka mwisho wa mwezi. Nililia kidogo juu ya vikombe. Sikuwa na huzuni peke yake. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimefurahi kwa ajili yake, vyote kwa pamoja.

Jumapili, 4 Juni

Jiko la Poli limejengwa upya, jirani ameleta habari. Niliporudi kanisani nikamkuta mama anafunga mzigo wake. Kopo la magadi lilikuwa juu kabisa.

Ijumaa nilikuwa nimeazima mzani mdogo wa maabara. Nikauweka mezani, nikatandaza karatasi, nikamwomba mama aweke kidogo cha vidole kama alivyokuwa anawapa.

Akaweka. Nikapima. Nikamwomba tena, akaweka tena. Mara ya tatu akauliza kama namtania. Mara zote tatu mshale wa mzani umesimama palepale, haukupungua wala kuzidi. Mimi nikajaribu kwa vidole vyangu. Mara ya kwanza nikapata nusu, mara ya pili mara mbili yake.

"Si umeshaandika?" mama akasema. "Kipimo unacho."

"Ninacho, Mama. Mzani ni wa shule, kesho naurudisha."

Nikamwambia na lile jingine, nikimtazama, maana lilikuwa limebaki tangu Mei. Nikamwambia neno lile la Ijumaa nililisema kwa hasira ya mvua na ya tafi, na kwamba yeye hakuletwa kwenye nyumba hii. Amekuja kwake. Nikasema samaki wapya watafika kutoka Tanga Alhamisi, wapole wote, nimewachagua kwa jedwali, kikande atakaa pipani mpaka aende Karatu, na baba Anande akiondoka hakutakuwa na mtu wa kupampu mchana.

Mama akalitazama tangi. Kikande alikuwa anahamisha kokoto.

"Ng'ombe wangu yuko kwa jirani," akasema.

"Tutampelekea jirani sukari."

Akafungua fundo la mzigo, akatoa kopo, akalirudisha kwenye rafu, mahali pale alipokuwa ameliweka Machi na mimi nikanung'unika. Kisha akauliza Jumapili ijayo nitatoka kanisani saa ngapi. Nikamwambia saa tano. Akasema basi atanisubiri, tuwape pamoja.